Kabla Hujaifunga Biashara Yako: Mwongozo wa Fundi Cherehani wa Kibuye

Mwaka wa tisa wa kushona nguo ndio niliouchukia kuliko yote, na ulikuwa mwaka wa kazi nyingi. Watoto walikuwa shuleni, mchango wa chama nilikuwa natoa, kibanda nilikuwa nalipia. Lakini kila asubuhi nikishuka bodaboda pale soko la Kibuye, Kisumu, nikiona tu mtu anakuja kwa mbali, kabla hata sijamtambua, macho yangu yalikuwa yanatafuta pa kujificha.

Fundi yeyote anajua naongelea nini. Mteja amekuja kuchukua gauni, na gauni bado ni kitambaa.

"Fundi, nguo iko tayari?"

"Imebaki vifungo tu, mama. Njoo kesho."

"Kesho ya lini?"

Vifungo gani, na hata chaki sijapitisha!

Haya ninayoyaandika ni ya mtu mwenye biashara ndogo, awe kinyozi, mama mboga, wa poshomili au wa kutengeneza simu, ambaye biashara inakwenda lakini yeye mwenyewe amechoka nayo. Kama kila mwezi unapata hasara, shida yako ni nyingine, anza na hesabu kwanza. Huu ni mwongozo wa yule anayepata senti zake na bado usiku wa kuamkia siku ya kazi hapati usingizi.

Watu watakuambia utafute kitu unachokipenda. Mimi sikuanza kushona kwa mapenzi. Mama mdogo aliolewa Siaya akaniachia cherehani yake ya kukanyaga, basi. Raha niliikuta baadaye, humohumo kibandani, ikiwa imelaliwa na takataka nyingine. Hatua zifuatazo ni za kuondoa hizo takataka.

1. Nunua daftari la shule, uandike wiki mbili

Piga mistari upate safu nne: kazi uliyofanya, muda iliyochukua, pesa iliyobaki baada ya kutoa vifaa, na alama. Alama ni jumlisha kama ulipokuwa ukiifanya ulisahau saa, na kutoa kama ulikuwa ukiangalia saa. Andika palepale ukimaliza kila kazi. Ukingoja usiku utaandika uchovu wa siku nzima, kila kitu kitapata kutoa.

Usidanganye kwenye safu ya muda. Hesabu na dakika za kuongea na mteja, za kutafuta zipu ya rangi ile mjini, za kufumua ulipokosea.

Daftari langu lilinishangaza. Gauni la kitenge nilikuwa nashona kwa shilingi 1,200. Toa bitana, zipu na uzi, 250, inabaki 950. Lilinichukua saa sita, ukiweka na mteja kuja kujaribu mara mbili na kutaka kiuno kibanwe zaidi. Hiyo ni kama shilingi 158 kwa saa. Kukata suruali ya mtumba na kuipinda chini nilikuwa natoza 100, dakika ishirini, uzi wa kuhesabika. Kwa saa moja ni kama 300.

Nilipiga ile hesabu mara tatu. Sisi mafundi tunadharau kazi ya kurekebisha. Tunaiita ya viraka, tunampa mwanafunzi. Ukutani tunatundika gauni la mkono wa puto, ndilo la kujivunia. Kumbe gauni lilikuwa linanilipa nusu ya kiraka, na kwenye safu ya mwisho lilikuwa na kutoa, kutoa, kutoa, huku suruali za mitumba zikiwa na jumlisha karibu zote.

Daftari lako halitakuwa kama langu. Jirani yangu wa kibanda cha pili alijaribu, akakuta anachopenda ni kukata kitambaa. Kushona kwenyewe kunamchosha. Sasa anakatia mafundi wengine watatu na wanamlipa kwa kila kipande. Unachotafuta ni ule mstari wenye pesa nzuri na jumlisha pamoja. Karibu kila biashara unao, hata kama ni mmoja.

2. Tafuta uongo unaousema kila siku

Hatua hii watu huiruka, na mimi naona ndiyo kubwa kuliko zote.

Kila biashara ina uongo wake wa kawaida, ule ambao mtu hata hauoni kama uongo. Wetu ni tarehe. Wa hoteli ni "chapati ziko jikoni" na unga haujakandwa. Wa mwenye duka ni ratili iliyolegezwa kidogo. Wa fundi simu ni "spea inatoka Nairobi". Unasema ili mteja asiende kwa mwingine. Anabaki kweli, lakini wewe sasa una mtu wa kumkwepa, na ukiwa na watu kumi na watano wa kuwakwepa katika soko moja, hilo soko limekuwa jela.

Nilivyoacha ni hivi. Nilihesabu saa ninazoshona kwa kweli. Nakaa kibandani saa kumi, lakini mguu unakanyaga saa tano tu. Zilizobaki ni kupima watu, kupiga pasi, kutafuta bobini iliyoanguka, na stima kupotea siku ninayotumia ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa. Basi katika daftari la pili kila siku nikaipa saa tano za kazi, si zaidi. Gauni linachukua saa sita, kwa hivyo linakula siku nzima na kipande cha siku ya pili. Jumanne ikijaa, mteja anaambiwa Jumatano. Na Alhamisi naiacha tupu kabisa, haipewi mtu.

Alhamisi tupu ndiyo iliyoniokoa. Kwetu huku Magharibi na Nyanza, msiba hautoi notisi. Familia inakuja Jumatatu na vitambaa vya rangi moja, magauni manane, mazishi ni Ijumaa. Nguo za matanga haziahirishwi, na huwezi kumwambia mfiwa umejaa. Zamani magauni manane ya matanga yalikuwa yanasukuma wateja wanane wengine kwenye uongo. Sasa nachukua yanayoingia Alhamisi, mengine nawapelekea wenzangu wawili tulioelewana, nao hunifanyia vivyo hivyo.

Mambo mawili ya kuongezea hapo. Chukua nusu ya malipo kabla ya kukata, kwa sababu mteja aliyelipa nusu huja kuchukua nguo yake, na wewe unaona haya kuchelewa. Na ukijua utachelewa, mpigie simu wewe kabla yeye hajapanda matatu kutoka Maseno. Mara ya kwanza mkono ulinitetemeka. Mama wa watu alisema tu, "Asante kwa kuniambia, fundi, nitapitia Jumapili." Miaka tisa nilikuwa nikiogopa hilo!

Mwezi wa kwanza nilipoteza wateja wanne au watano waliotaka kuambiwa kesho. Sikuwafuata.

3. Tenganisha pesa

Hapa sitakaa sana, umeshaambiwa na kila mtu wa benki. Lakini bila hatua hii zile nyingine hazishiki.

Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, pesa ya kazi na ya nyumbani zimekuwa zikilala simu moja, na mtu anafunga kibanda Ijumaa bila kujua amefanya kazi ya nini. Fungua Pochi la Biashara au till, yaani namba ya M-Pesa ya biashara peke yake, pesa ya wateja iingie huko. Halafu ujilipe mshahara, hata kama ni mdogo, siku ileile kila wiki. Mimi najilipa Ijumaa mchana. Usiponunua hata sabuni kwa pesa ambayo wewe unajua ni ya jasho la wiki hii, kazi itakuwa kama kumwaga maji kwenye mchanga.

Weka bahasha ya leseni ya kaunti na ushuru wa soko, ili askari wa kaunti wakipita usiruke dirisha. Na kwa wanaotishwa na habari za kodi ya mauzo: ile ya asilimia 3, iliyopandishwa kutoka asilimia 1 mwezi wa Julai 2023, inamhusu mwenye mauzo ya zaidi ya milioni moja kwa mwaka hadi milioni 25. Milioni moja ni kama 3,200 kila siku kwa siku sita za wiki, na wanahesabu mauzo, hawahesabu faida. Daftari lako litakuambia uko upande gani. Nimeona watu wakikosa raha mwaka mzima kwa kuogopa kodi isiyowahusu.

4. Panga wiki upya kwa kufuata alama

Sasa rudi kwenye ule mstari wenye jumlisha. Jiulize unatokea wapi na lini, halafu uusogelee.

Suruali zangu za mitumba zilikuwa zinatoka Kibuye Jumapili. Asiyejua Kisumu nimwambie: soko liko wazi wiki nzima, lakini Jumapili ndiyo siku yenyewe. Watu wanatoka Ahero, Luanda, Maseno, hata Kakamega, na belo za mitumba zinafunguliwa asubuhi. Mtu anapata suruali safi ya 200, ila ilishonewa Mzungu wa futi sita. Anaitaka leo. Nilikuwa sifungui Jumapili kwa sababu mafundi wote tulikuwa hatufungui.

Mimi ni Msabato, siku yangu ya kupumzika ni Jumamosi, kwa hivyo sikuwa na udhuru. Nilimlipa kijana wa mkokoteni anibebee cherehani ya kukanyaga hadi ukingoni mwa wauza mitumba, nikapata mwavuli, benchi la wateja, na kioo kirefu nilichokifunga kwa waya kwenye nguzo. Hicho kioo nakuomba usikisahau, nitakuambia kwa nini.

Jumapili ya tatu au ya nne alikuja mzee mmoja na koti la suti, la kijivu, ametoka kulinunua. Mwili lilimkaa vizuri, lakini mikono ilifika kwenye vidole. Nikamwambia mkono wa koti si kama suruali: lazima nifumue bitana, nisogeze vifungo, nipinde inchi mbili, halafu bitana nairudisha kwa sindano ya mkono, kwa hivyo itachukua saa nzima na itakuwa 300. Akaketi. Hakusema neno. Nilipomaliza nikampigia pasi ya makaa palepale, akavaa, akaenda kwenye kioo. Akafunga kifungo cha juu. Akafungua. Akafunga tena. Akageuka upande, akanyoosha mikono mbele kama mtu anayepokea kitu, akatazama mahali mkono wa koti ulipoishia.

"Sasa wakwe waje," akasema.

Binti yake alikuwa anakuja kutolewa mahari wiki hiyo. Alinilipa 300, akaondoka nalo mwilini kwenye lile jua.

Miaka tisa nilikuwa nashona nguo na sijui zinavyovaliwa. Mteja anachukua mfuko, anajaribu nyumbani, anayeona ule uso ni mume au dada. Mimi nilibaki na malalamiko tu, kwa sababu furaha hairudi kibandani kuja kutoa habari. Kioo kilinirudishia hiyo sehemu. Kwa hivyo jiulize: katika biashara yako, wakati mtu anapofurahia ulichofanya, wewe uko wapi? Anayeoka keki na kuituma kwa bodaboda, aombe picha ya meza. Mwenye kuuza miche, apite shambani mara moja kwa msimu. Mama wa chakula atoke jikoni dakika mbili saa saba mchana, asimame aone watu wakila.

Mwaka 2001 watafiti wawili wa Marekani, Amy Wrzesniewski na Jane Dutton, waliandika kuhusu wafanyakazi wa usafi hospitalini. Wengine walisema kazi yao ni kufagia. Wengine, wenye kazi ileile, walikuwa wakizungumza na wagonjwa, wakiwasaidia wageni, na wakajiona ni sehemu ya kumponya mtu. Hakuna aliyewabadilishia kazi. Waliipanua wenyewe kuelekea kwa mgonjwa. Binti yangu ndiye aliyenisomea hayo, amesoma chuo. Nikamwambia wale wangenielewa na kioo changu.

5. Kataa kazi, kwa adabu

Huwezi kuongeza Jumapili bila kupunguza kitu. Tazama kutoa zako, uchague ile yenye pesa kidogo na uchungu mwingi, uiache.

Yangu ilikuwa sare za shule kwa oda. Kuna shule moja, sitaitaja, iliyonipa mashati 60 mwezi wa Januari. Nikanunua kitambaa kwa pesa yangu na ya kukopa, nikashona usiku na mchana, nikapeleka. Pesa ilikuja muhula wa tatu, nusu nusu, baada ya kukaa kwenye benchi la ofisi mara nyingi kuliko watoto watundu. Kama ningechukua mkopo wa serikali wa Hustler Fund, ule ulioanza Novemba 2022, unarudishwa ndani ya siku 14. Mkopo wa namna hiyo unafaa kazi inayolipwa wiki hiihii, kama belo dogo au uzi wa Jumapili. Kwa oda ya shule ungenizika.

Sasa sare nashonea mzazi mmoja mmoja, anayekuja na mtoto na nusu ya pesa. Oda nakataa hivi: "Mwalimu, nashukuru sana kwa kunikumbuka. Kazi hii kwa sasa sitaiweza vizuri, lakini kuna fundi fulani ana cherehani nne, nitakupa namba yake." Mkatalie mtu lakini umwachie mahali pa kwenda. Hatakuchukia, na yule fundi mwingine atakukumbuka.

6. Fundisha mtu

Si lazima, na hatua hii haimfai kila mtu. Kuna watu wakifundisha wanaongeza kutoa kwenye daftari tu. Lakini kama umefika mahali mikono inafanya bila wewe kufikiri, mwanafunzi atakuamsha.

Nina msichana wa Nyalenda sasa. Siku za kwanza hapewi uzi wala kitambaa. Anapewa karatasi ya kaki ya mfuko wa saruji niliyoichorea mistari, anakanyaga cherehani na sindano tupu, matundu yafuate mstari. Wote wanapinda mwanzoni, gurudumu linarudi nyuma, karatasi inararuka. Siku ya nne alifika mwisho wa karatasi na matundu yote yako juu ya mstari. Hakusema kitu. Aliinua ile karatasi juani, mwanga ukapita kwenye matundu, akacheka peke yake. Na mimi nikakumbuka nyumba ya mama mdogo, na karatasi yangu.

7. Siku ya kufunga, na watu wa kando yako

Chagua siku moja, iandike mlangoni, funga. Mteja huzoea siku yoyote ile mradi isibadilike.

Na usikae peke yako. Sisi tuko mafundi sita kwenye chama cha kila wiki; hela ni kidogo, lakini pale ndipo unaweza kusema "jana nimeharibu kitambaa cha mtu" na mwenzako akakuambia kipande kinachofanana kinauzwa duka gani. Shemeji mwenye lori hawezi kukuelewa kwa hilo, na usimlazimishe.

8. Baada ya miezi mitatu, fungua daftari tena

Andika tena wiki mbili. Kama jumlisha zimeongezeka, endelea, na kila mwaka urudie. Kama umefanya yote na ukurasa bado ni kutoa juu hadi chini, basi acha, na uache vizuri: maliza nguo za watu, rudisha dipositi, uza cherehani Novemba au Desemba mafundi wanapojiandaa kwa sare za Januari, usiuze Machi.

Mwenzetu mmoja wa chama alifanya hivyo. Aliuza ya kwake, akaanza kuuza omena kavu kwa gorogoro, na amenenepa. Majuzi alikuja kibandani na sketi iliyokatika zipu. Nikafungua daftari, nikamwambia arudi Jumatano. Akacheka, akavuta benchi, akaketi kunisubiri.